Omba picha ya mgongo: kukagua stempu kabla hujalipa

Nina duka dogo la stationery hapa Ngamiani, Tanga. Kutwa natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti na kuskani vyeti vya wanaotafuta kazi. Stempu nimezirithi kwa baba. Alikuwa karani wa reli, zama ambazo posta ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilikuwa moja, na kila bahasha iliyofika ofisini kwake aliikata ile pembe yenye stempu akarudi nayo nyumbani kwenye mfuko wa shati. Alipofariki aliniachia albamu mbili na boksi moja la viatu. Tangu hapo nimeendelea mwenyewe, na kwa kuwa mjini kwetu hakuna duka la stempu, karibu zote nimezinunua mtandaoni.

Haya ninayoyaandika nimejifunza kwa pesa yangu. Mwaka 2016 niliona stempu ya pauni 1 ya Kenya na Uganda, ile ya 1922 yenye Mfalme George wa Tano, nyeusi na rangi ya chungwa. Muuzaji aliandika kwamba ni mpya na gundi yake ni kamili. Picha ilikuwa moja tu, ya mbele, juu ya karatasi nyeupe. Nililipa shilingi 160,000, ukiacha gharama ya posta. Ilipofika niliishika kwa kibano nikaiinamisha kidogo chini ya taa, na hapo nikauona mstari wa kalamu, hafifu kama jivu, umepita shingoni mwa mfalme ukaishia ukingoni.

Zama zile stempu hizohizo zilitumika kwa barua na kwa hati za serikali pia. Za thamani kubwa kama pauni nyingi ziliishia kwenye hati, na karani aliziharibu kwa kalamu ili zisitumike tena. Stempu ya aina hiyo huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya iliyo mpya. Ya kwangu mtu aliiosha wino, akaipaka gundi nyingine, akaiuza kama mpya.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Picha ya yule muuzaji nilikuwa nimeihifadhi. Niliifungua kwenye programu ileile ninayosafishia picha za pasipoti, nikapandisha kontrasti, na ule mstari ukajitokeza wazi. Ningeweza kuuona kabla sijatoa hata senti, kwa kazi ya dakika mbili, kwa kifaa nilichokuwa nacho mezani.

Kwa hiyo naanzia kwenye picha.

Picha inavyoficha

Skana ya mezani hubana stempu chini ya kioo. Mkunjo unaoonekana waziwazi ukiishika mkononi hulala ukapotea. Halafu skana nyingi hujirekebishia rangi zenyewe: karatasi iliyogeuka njano hutoka nyeupe. Mimi hufanya hivyo kila siku kwa vyeti vilivyochakaa, mteja anafurahi, na wala si kosa. Ila kwenye stempu, ile njano ndiyo habari uliyokuwa unaitafuta. Ukiona stempu ya miaka ya 1930 ina karatasi nyeupe kama theluji, usiifurahie kwanza. Tazama kilicho kandokando yake. Kama kadi nyeusi iliyowekwa chini inaonekana nyeusi ya kweli na vumbi lake, picha haijaguswa sana. Kama kila kitu kinang'aa, omba nyingine.

Halafu kuna WhatsApp. Wauzaji wengi, hasa wa huku kwetu na wa Nairobi, hukutumia picha humo, na ikipita humo hubanwa mpaka madoa madogo yanafutika. Mwambie aitume kama dokumenti badala ya picha. Ni tofauti ya kubonyeza sehemu moja tu, lakini utakachokiona ni kitu kingine kabisa.

Mimi nina ujumbe mmoja niliouhifadhi, nautuma kwa kila muuzaji. Naomba picha tatu: mbele juu ya kadi nyeusi, nyuma juu ya kadi nyeusi, na nyuma tena ikiwa imepigwa kwa simu huku mwanga wa tochi ukitokea ubavuni, chini kabisa, karibu kulala na meza. Kama bei inapita shilingi 100,000 naomba ya nne: stempu imeshikwa kwa kibano mbele ya dirisha mchana, mwanga upite ndani yake. Za skana ziwe angalau 600 dpi, yaani nukta 600 kwa inchi. Muuzaji mwenye mali safi huzituma siku hiyohiyo au kesho yake. Anayejibu kwamba picha iliyopo inatosha, namshukuru na kuachana naye, hata kama stempu nimeitafuta miaka.

Picha zikifika, zifanyie hivi. Zihifadhi kwa ukubwa wake wote, fungua moja kwenye programu yoyote ya picha, pandisha kontrasti mpaka karibu mwisho, na ushushe mwanga kidogo. Tazama kwanza sehemu zisizo na mchoro: ukingo, mapengo kati ya herufi. Kisha, kama programu inakuruhusu kutenganisha chaneli za rangi, yaani nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha, tazama ya bluu peke yake. Madoa ya njano na kahawia, yaani kutu, chai, na mabaki ya wino wa zamani uliooshwa, hujitokeza humo kama masizi. Ule mstari kwenye pauni yangu ulionekana kwa kontrasti tu, lakini kwenye chaneli ya bluu nilikuja kuona hata mkia wa herufi ya mwisho wa sahihi.

Mgongo

Uso wa stempu hupambwa na muuzaji. Mgongo wengi huusahau, na ndio uliobeba historia yake yote.

Utakutana na herufi tatu, MNH. Maana yake stempu ni mpya na haijawahi kubandikwa kikaratasi cha albamu, kile kipande chenye gundi cha kuishikiza kwenye ukurasa. MH ni mpya iliyowahi kubandikwa. Wazee wetu walibandika kila kitu kwa vikaratasi, kwa hiyo stempu ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia iliyo MNH kweli ni chache, na bei yake huwa juu. Mahali penye tofauti ya bei kubwa hivyo, wadanganyifu hawakosekani. Alama ya kikaratasi ni mstatili hafifu sehemu ya juu, wakati mwingine unang'aa kuliko gundi iliyouzunguka, wakati mwingine umefifia. Ile picha ya mwanga wa ubavuni ndiyo inayouonyesha.

Namna ya kutambua gundi iliyopakwa upya nilionyeshwa na mzee mmoja wa Makorora aliyekuwa akileta kwangu stempu zake niziskani. Siku moja niliweka mbele yake stempu niliyojivunia.

“Shikamoo mzee. Hebu nitazamie hii, gundi yake si safi?”

“Marahaba mwanangu. Gundi safi, naam. Sasa nitazamie wewe hizo ncha za meno.”

Aliniazima lenzi yake. Stempu za zamani, akanieleza, zilipakwa gundi zikiwa bado karatasi nzima, ndipo zikatobolewa matundu. Mtu alipozichana, ncha ya kila jino ilikatika pakavu: nyuzi za karatasi zimesimama laini kama pamba, hazina gundi. Anayepaka gundi baadaye hawezi kuzuia isipenye kwenye zile nyuzi. Ncha zinakuwa ngumu, zimeshikana, nyingine zina kijitone kinachong'aa. Ya kwangu ilikuwa na vijitone upande mzima wa kushoto. Siku hizi kwenye skana ya 1200 dpi ya mgongo nakuza picha mpaka jino moja lijae kioo, na mara nyingi jibu linapatikana hapohapo. Lisipopatikana, nalipia kama ya MH.

Kingine cha mgongoni ni mchubuko, pale kikaratasi kilipong'olewa kwa nguvu kikaondoka na nyama ya karatasi. Kwa mbele huoni kitu. Kwenye picha ya dirishani huonekana kama dirisha dogo lenye mwanga zaidi kuliko pengine. Usiuchukulie mchubuko kama kasoro ndogo eti kwa kuwa haumsumbui anayetazama albamu. Siku utakayotaka kuiuza, mnunuzi ataigeuza.

Na sisi wa pwani tuna letu: unyevu. Gundi ya stempu zilizokaa Tanga, Mombasa au Unguja huwa ya kahawia, imepasukapasuka au imegandana na ukurasa. Kahawia sawia mgongo mzima, bila kuvuka kwenda mbele, mimi naivumilia, hasa kwenye stempu za Unguja za kabla ya 1914. Vidoa vidogo vya rangi ya kutu kwenye ncha za meno sivivumilii. Ni kuvu, na stempu yenye kuvu ukiiweka kwenye albamu pamoja na nyingine, masika mawili baadaye utazikuta nazo zimeota. Vidoa hivyo ndivyo vinavyofutwa kwa urahisi zaidi na skana inayojirekebishia rangi, na ndivyo chaneli ya bluu inavyovifichua vizuri zaidi.

Meno

Stempu nyeupe juu ya karatasi nyeupe: hapo meno huyaoni, na muuzaji mzoefu anajua. Kadi nyeusi ndiyo dawa. Zunguka pande zote nne, jino kwa jino. Jino fupi moja katikati ya upande ni kasoro ndogo. Pembe iliyopotea ni kubwa. Upande mmoja ukiwa na meno yaliyolingana mno, yenye ncha bapa kama yamekatwa kwa mkasi, huku pande nyingine tatu zina ncha zenye nyuzi, huenda upande huo ulitobolewa upya baada ya kuumia. Pima upana wake na stempu nyingine ya toleo hilohilo; iliyotobolewa upya mara nyingi ni nyembamba.

Kwa wanaokusanya Kenya, Uganda na Tanganyika za Mfalme George wa Sita, za kuanzia 1938 hadi 1954, meno ni zaidi ya suala la hali. Mchoro ni uleule, rangi ni ileile, lakini kipimo cha meno hubadilika: kuna 13¼, kuna 14, kuna 13 kwa 11¾, kuna 13 kwa 12½. Kipimo kimoja ni cha kawaida, kingine, kwenye stempu iliyoandikwa senti zilezile, kina bei mara kadhaa. Kipimo ni idadi ya matundu ndani ya sentimita 2. Muombe muuzaji aweke rula kando ya stempu, kisha hesabu kwenye kioo chako. Kama hana rula, skani stempu yako ya kawaida ambayo kipimo chake unakijua, ikuze au uipunguze mpaka mchoro ulingane na wa kwenye picha yake, uziweke ubavu kwa ubavu. Anza na matundu mawili yaliyo sambamba. Ukifika mwisho wa upande mrefu, ya 14 itakuwa imeshamtangulia mwenzake wa 13¼ kwa tundu zima au karibu yake. Nimekamata hivyo senti 50 mbili zilizoandikwa kipimo cha nadra nazo ni za kawaida. Wauzaji wote wawili hawakujua, na mmoja alinishukuru.

Muhuri na maandishi ya juu

Kwa stempu iliyotumika, ninapenda muhuri wa duara, mwepesi, unaosomeka mji na tarehe bila kuufunika uso wa mfalme. Muhuri mzito uliopaka wino mweusi stempu nzima hushusha bei hata kama meno yote yapo. Lakini muhuri mzuri kupita kiasi kwenye stempu ya thamani kubwa nao unataka kuulizwa. London kulikuwa na mkusanyo mkubwa wa mihuri bandia ya makoloni ya Uingereza, ujulikanao kwa jina la Madame Joseph, iliyotumika kuzipandisha bei stempu zilizokuwa na thamani zaidi zikiwa zimetumika. Mihuri yenyewe iko kwenye chama cha wakusanyaji stempu, Royal Philatelic Society London, na alama zake zimechapishwa ili watu walinganishe. Angalau soma tarehe: muhuri wenye tarehe ya kabla ya stempu kutolewa, basi mjadala umekwisha.

Sasa zile zenye maandishi yaliyochapwa juu, ambazo kwa upande wetu ni nyingi. Mwaka 1895 Unguja ilianza kutumia stempu za India zilizochapwa neno Zanzibar juu yake, na kati yake zipo zilizokosewa zikasomeka “Zanzidar”. Kosa hilo moja la herufi linazipa bei kubwa, kwa hiyo limeghushiwa. Kisiwa cha Mafia nacho, kilipotekwa na Waingereza, kilikuwa na stempu zilizogongwa kwa mkono mwaka 1915, na za bandia ni nyingi. Halafu Januari 1964, baada ya Mapinduzi, stempu za Sultani ziligongwa “JAMHURI 1964” kwa mkono. Mhuri wa mkono mtu yeyote anaweza kuuchonga.

Kama stempu imetumika, angalia mahali ambapo wino wa posta unakutana na wino wa maandishi ya juu. Maandishi yalichapwa kwanza, barua ikapigwa muhuri baadaye. Kwa hiyo wino wa posta lazima uwe juu. Kuza picha hapo kwenye njia panda ya mistari miwili. Ukiona herufi zimekaa juu ya muhuri wa posta, mtu aliichukua stempu ya kawaida iliyokwisha kutumika akaiongezea maandishi. Picha ya chini ya 1200 dpi haitakuonyesha hili, na kwa stempu mpya isiyo na muhuri njia hii haipo kabisa. Kwa hizo, kama bei ni kubwa, nataka cheti cha wataalamu: cha Royal Philatelic Society, cha BPA, wakaguzi wa stempu wa Uingereza, au kwa za Kijerumani, cha mjumbe wa BPP, chama cha wakaguzi wa stempu cha Ujerumani. Cheti kiwe na picha ya stempu hiyohiyo. Linganisha muhuri na meno, maana cheti cha kweli kinaweza kusafirishwa na stempu nyingine.

Bei

Katalogi ya Stanley Gibbons, duka la stempu la Uingereza, huandika bei ambayo duka lenyewe lingeuzia stempu iliyo katika hali nzuri. Yenye kasoro haina haki na bei hiyo. Vipimo vyangu ni vyangu: mkunjo unaoonekana kwa mbele, sizidishi sehemu moja ya kumi. Mchubuko mdogo wa nyuma, sehemu moja ya tano. Rangi iliyopauka siinunui kwa bei yoyote. Stempu nyingi za makoloni zilizochapwa na kampuni ya De La Rue ya Uingereza kwa zambarau na kijani zilitiwa wino unaochujuka kwa makusudi, ili anayejaribu kuosha muhuri aiharibu stempu. Kijani iliyogeuka kuwa ya buluu au njano imeshaguswa maji, na haitarudi.

Vitu adimu sana vina sheria yake. Ile senti 1 ya British Guiana ya 1856, iliyouzwa New York mwaka 2021 kwa dola milioni 8.3, imekatwa pembe zote nne, lakini ilifika bei hiyo kwa sababu hakuna nyingine duniani. Hapa jirani kwetu, mwaka 1916, Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari, stempu zilichapwa kwenye misheni ya Vuga, milimani Usambara. Baadaye zilizikwa ardhini zisichukuliwe na Waingereza, zikafukuliwa vita vilipokwisha. Stempu ya Vuga yenye doa la unyevu nitaipokea na doa lake. Lakini ya simba au jahazi ya 1938, iliyochapwa kwa maelfu kwa maelfu, usikubali yenye doa. Subiri wiki mbili itatokea safi.

Ikifika

Kabla ya kulipa uliza muda wa kurudisha ni siku ngapi, na ukubaliane kwamba zinahesabiwa tangu siku uliyoipokea. Posta kutoka Ulaya mpaka Tanga inaweza kula mwezi.

Bahasha ikifika mimi siifungui haraka. Nasubiri asubuhi, mlango wa duka ukiwa bado nusu, kabla wateja hawajaingia na jasho halijaanza mikononi. Naifungua kwa mkasi pembeni huku nikiirekodi kwa simu. Naitoa kwa kibano, naiskani uso kwanza, kisha mgongo, kwa 1200 dpi, marekebisho yote ya rangi yakiwa yamezimwa. Kisha nafungua picha za muuzaji na za kwangu pamoja, nalinganisha jino kwa jino. Nikimaliza, inaingia kwenye mfuko wa karatasi laini na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Haijagusana na stempu zangu nyingine mpaka nimeitazama tena baada ya mwezi mmoja na kukuta ncha za meno bado ni nyeupe.